Matofaa ya Nchi ya Theluji

Mtoto wa Unguja au wa Mrima akisikia neno tofaa, hufikiri mara moja lile tunda jekundu lenye maji mengi, ambalo mti wake humwaga maua chini kama zulia. Tunda hilo ni zuri, lakini silo linalosemwa katika somo hili. Tofaa la pwani ni ndugu wa karafuu, zambarau na pera. Tofaa la nchi za baridi ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa waridi. Nyama yake ni ngumu zaidi, nalo likiwekwa mahali pa baridi laweza kukaa miezi mingi bila kuoza. Watu waliofika kutoka mbali waliyaona matunda mawili yakifanana kidogo kwa sura, wakayapa jina moja.

Asili ya tofaa hilo la pili ni milima ya Kazakhstan, katikati ya Asia, ambako miti ya mwitu ingali inaota mpaka leo katika miteremko iliyo karibu na mji wa Almaty. Wasafiri wa zamani waliopita huko na wanyama wao walikula matunda, wakatupa mbegu njiani, na hivyo mti ukaenea kidogo kidogo kuelekea magharibi hata ukafika Ulaya. Watu wa Ulaya nao walipohamia Marekani walichukua mbegu na miche merikebuni. Lakini baridi si moja kila mahali. Uingereza ni kisiwa, na bahari inayokizunguka huipunguza baridi yake. Katikati ya Marekani ni mbali na bahari zote, na baridi ya huko ni baridi ya kuua.

Mtu asiyepata kuiona theluji yamfaa afikiri hivi. Maji huganda kuwa barafu kipimo cha joto kinapofika digrii 0. Katika jimbo la Minnesota, lililo kaskazini ya Marekani, kipimo hushuka chini ya hapo mwezi Novemba, na siku nyingi hakipandi tena mpaka mwezi Machi. Maziwa huganda hata watu wakapita juu yake kwa miguu na kwa magari. Usiku mwingine kipimo hushuka hata digrii 30 chini ya sifuri, na mnamo Januari 1888, katika mji wa Minneapolis, kilifika digrii 40 chini. Katika baridi kama hiyo maji ya moto sana yaliyorushwa juu kutoka kikombeni huganda kabla hayajafika chini. Nao mti hauna nguo, wala hauna miguu ya kukimbilia nyumbani.

Basi mti wa tofaa huishije? Huishi kwa kulala. Siku zinapoanza kuwa fupi, mwezi wa Agosti na Septemba, mti huona kwamba mwanga unapungua. Huacha kurefusha matawi. Huvuta kutoka katika majani vile vitu vinavyoweza kufaa, huviweka akiba katika matawi, shina na mizizi, kisha huyaacha majani yaanguke. Matumba ya mwaka ujao yamekwisha kufanyika, yamefungwa ndani ya magamba madogo ya kahawia. Halafu, kila usiku wa baridi unapopita, mti huzidi kuwa mgumu. Sukari huongezeka ndani ya vijumba vidogo sana ambavyo viungo vyote vya mti vimejengwa kwavyo, na sehemu ya maji hutoka ndani ya vijumba hivyo kwenda kukaa nje yake. Maji yakiganda huko nje, mti hauumii sana. Bali barafu ikifanyika ndani ya kijumba, kijumba hupasuka na kufa.

Kazi hiyo ya kujitayarisha huchukua majuma mengi, na jambo kubwa liko hapo. Mti uliokwisha kulala vema waweza kuvumilia baridi ya digrii 30 chini ya sifuri. Mti huo huo, kama ungekutwa na baridi kali katikati ya kukua kwake, ungeuawa na digrii chache tu. Kwa hiyo miti iliyozoea nchi za baridi ya upole hupata mashaka ikipelekwa kaskazini: si kwamba haijui kulala, bali huchelewa. Baridi huikuta ingali macho.

Jambo hili halikujulikana vema kwa wakulima wa kwanza wa Minnesota, nao walilipa gharama kubwa kulijifunza. Mmoja wao alikuwa Peter Gideon. Mtu huyu alizaliwa katika jimbo la Ohio mwaka 1820, katika nchi ambayo matofaa husitawi bila taabu nyingi. Mwaka 1853 alihamia Minnesota na mke wake, aliyeitwa Wealthy, wakapata shamba kando ya ziwa kubwa liitwalo Minnetonka. Gideon alipenda sana miti ya matunda. Alipanda miche ya matofaa ya namna nyingi, na pamoja nayo miti ya mapea, plamu na cheri. Tena akasia mbegu nyingi za matofaa.

Mwaka wa kwanza mingine ikafa. Akapanda tena. Majira ya baridi yakaja, mingine ikafa. Jirani zake walimwambia kwamba nchi ile ni ya ngano na ng'ombe, haikuumbwa kwa matofaa. Yeye akazidi kupanda. Mambo yakaendelea hivyo muda wa miaka kama tisa au kumi, na fedha zake zote zikaishia ardhini. Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya 1860, alipotembea shambani baada ya majira ya baridi kali, akakuta miti yote imekufa, isipokuwa mmoja. Nao ulikuwa mche wa tofaa dogo la namna ya Siberia, tunda lisilozidi ukubwa wa cheri kwa mengi.

Wakati huo alikuwa na watoto wengi wadogo, ng'ombe mmoja, kuku wachache, na dola 8 mkononi. Baridi ilikuwa yaja tena, naye hakuwa na koti. Dola 8 zilitosha kununua koti. Gideon akazifunga katika barua, akazipeleka mji wa Bangor, katika jimbo la Maine, mbali sana upande wa mashariki, kuagiza mbegu za matofaa na vijiti vya kupandikiza. Akachukua vizibao viwili vikuukuu akavishona pamoja, akakata miguu ya suruali iliyotupwa akaifanya mikono, na hilo ndilo lililokuwa koti lake mwaka ule. Wealthy alisema nini siku ile hakuna aliyeandika. Yeye ndiye aliyekuwa na watoto wa kulisha, na mtu akilifikiri jambo hilo aweza kuona kwamba koti lile halikuwa dhiki ya mtu mmoja.

Kwa nini aliagiza mbegu? Hapa pana jambo ambalo mkulima wa mahindi halitazamii. Mtu akipanda punje ya mahindi mekundu, hutazamia kuvuna mahindi yaliyo karibu sawa na yale aliyopanda. Mbegu za tofaa si hivyo. Tofaa moja lina mbegu kama tano au kumi, na zikipandwa zote, kila mti hutoka na tunda lake la peke yake: moja chachu, moja dogo, moja gumu kama mti, moja labda tamu. Sababu yake ni kwamba ua la tofaa kwa kawaida halizai kwa unga wake lenyewe wala kwa unga wa mti wa namna ile ile. Nyuki huuleta unga kutoka mti wa namna nyingine, na mbegu hurithi tabia za baba na za mama zikiwa zimechanganyika. Wengi wa watoto huwa hawana maana. Lakini katika elfu moja aweza kuzaliwa mmoja mwenye utamu wa mzazi mmoja na ugumu wa mwenziwe. Gideon alikuwa akimtafuta huyo.

Akampata. Katika mbegu zile za Bangor uliota mti ulioishi. Majira ya baridi yalipita juu yake, moja baada ya jingine, nao ukachipuka kila mara. Ulipozaa, tunda lake lilikuwa kubwa kiasi, jekundu lenye michirizi, lina maji na ladha nzuri. Tofaa hilo likajulikana mwaka 1868, na Gideon akalipa jina la mke wake, Wealthy. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya tajiri, jina la ajabu kwa tunda lililotoka katika nyumba ile.

Tangu hapo watu hawakusia mbegu za Wealthy, maana mbegu zingeleta matunda mengine. Walikata vijiti vyenye matumba kutoka mti ule, wakavibebesha juu ya mashina ya miche mingine migumu. Kazi hii huijua kila mtu aliyemwona mwenye shamba la miembe akibebesha: shina hukatwa, kijiti huchongwa na kutiwa katika mpasuko, gome la huku likigusana na gome la huku, kisha hufungwa imara ili hewa isiingie. Mti unaokua juu ni ule ule wa kwanza, kana kwamba umerefushwa ukafika shamba la mtu mwingine. Kwa njia hiyo mti mmoja wa Gideon ukawa maelfu, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wealthy lilikuwa miongoni mwa matofaa yaliyolimwa sana Marekani. Mwaka 1878 serikali ya jimbo ilianzisha shamba la kujaribia matunda, ikamweka Gideon kuwa msimamizi. Alikufa mwaka 1899.

Kazi yake haikukoma. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua shamba la kuzalisha matunda si mbali na ziwa lile. Desturi yao ilikuwa ni ile ile ya Gideon, ila kwa mpango: kupanda maelfu ya miche, kuiacha nje katika baridi, na kutazama ipi itabaki. Mwaka 1922 wakatoa tofaa liitwalo Haralson, jina la msimamizi wa shamba lile. Mwaka 1960 wakachanganya unga wa maua ya matofaa mawili, na katika mbegu zilizopatikana ukaota mti ambao baadaye ulidhuriwa na baridi, ukaandikwa katika daftari kuwa utupwe. Mtaalamu mmoja kijana, David Bedford, alipoanza kazi huko aliikuta miti michache iliyobebeshwa kutoka mti huo. Akaona kwamba mti wa kwanza ulikuwa umepandwa mahali pabaya, na kwamba labda haukuhukumiwa kwa haki. Akaiacha iishi. Matunda yalipokuja, nyama yake ilikuwa ikivunjika kinywani kwa namna isiyopata kuonekana katika tofaa jingine. Tunda hilo likatolewa mwaka 1991 kwa jina la Honeycrisp, na leo huuzwa katika nchi nyingi kwa bei kubwa kuliko matofaa mengi. Mwaka 2006 jimbo la Minnesota lililifanya kuwa tunda la jimbo.

Lakini hata mti mgumu una adui zake, na wengine ni adui ambao mtu wa nchi ya joto hangewadhani. Wa kwanza ni jua. Mchana mmoja wa Februari jua hutokea, theluji hurudisha mwanga wake, na gome la mti upande wa kusini-magharibi hupata joto hata vijumba vyake vikadhani majira yamegeuka. Jua likitua, baridi hurudi ghafula, na gome lililoamka hufa na kupasuka toka juu hata chini. Dawa yake ni nyepesi: mkulima hupaka shina chokaa nyeupe, au hulifunga kwa kitu cheupe, ili joto lisiingie. Watu huona ajabu kusikia kwamba huko mti hufunikwa usije ukapata joto.

Adui wa pili ni panya na sungura. Theluji ikifunika majani yote, wanyama hawa hawana chakula, nao gome la mtofaa ni tamu. Panya huchimba njia chini ya theluji na kuguguna shina pande zote bila kuonekana. Theluji ikiyeyuka, mwenye shamba hukuta gome limeondolewa mviringo, na mti hauwezi tena kupeleka chakula mizizini. Kwa hiyo kabla ya majira ya baridi mkulima mwenye akili huuzungushia kila mti wavu wa chuma na kuutia chini ya udongo kidogo.

Hata hivyo theluji yenyewe si adui. Mizizi ya mtofaa ni dhaifu kuliko matawi. Digrii kama 10 chini ya sifuri zaweza kuiua. Theluji nene hukaa juu ya ardhi kama blanketi, na chini yake udongo hauwi baridi sana hata kama hewa ya juu ni ya kutisha. Mwaka mbaya ni ule ambao baridi huja bila theluji. Wakulima wa Siberia walilijua jambo hili, wakalitumia kwa ustadi mkubwa: huifanya mitofaa yao itambae. Mche ukiwa mchanga bado, hulazwa, na matawi yake hufungwa karibu na ardhi, hata mti mzima ukawa mfupi na mpana. Theluji ikianguka huufunika wote. Mti hulala chini ya blanketi mpaka majira ya kuchipua, na hivyo matofaa makubwa ya nchi za kusini hupatikana mahali ambapo mti uliosimama ungekufa.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote huja wakati watu wanapodhani hatari imekwisha. Mwezi wa Aprili au Mei mti huamka, maua hufunguka meupe na ya rangi ya waridi, na shamba lote hulia kwa nyuki. Basi huja usiku mmoja usio na mawingu wala upepo. Joto la ardhi hupanda juu lisizuiliwe na kitu, na kabla ya mapambazuko umande huganda juu ya majani. Umande huo ulioganda huitwa jalidi. Maua yaliyofunguka yakipata digrii 2 chini ya sifuri, mengine huanza kufa. Yakipata digrii 4, karibu yote hufa. Mti wenyewe haudhuriki, utaishi miaka mingi. Lakini mwaka ule hauna matunda, na mwenye shamba hana fedha.

Kwa ajili hiyo wakulima huchagua mahali kwa uangalifu. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo huteremka mlimani polepole kama maji na kukusanyika bondeni. Anayepanda mitofaa bondeni huipanda katika dimbwi la baridi. Mteremko ni bora, na mteremko ulio karibu na ziwa kubwa ni bora zaidi, maana maji hutunza joto. Wako wanaochagua mteremko unaoelekea kaskazini, usiopata jua mapema, ili miti ichelewe kuamka.

Usiku wa jalidi ukija, kazi huwa ya kukesha. Zamani watu waliwasha mioto midogo mingi kati ya miti. Siku hizi wengine huweka mapanga makubwa ya kuzungusha hewa juu ya minara, yaivute chini ile hewa yenye joto iliyo juu. Wengine hunyunyizia miti maji usiku kucha, mpaka kila ua likafungwa ndani ya barafu. Jambo hili laonekana kuwa kinyume, lakini ni kweli: maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na maadamu maji mapya yanazidi kuganda juu yake, ua lililo ndani halishuki chini ya digrii 0. Bomba likikatika kabla jua halijapanda, maua yote hufa, tena upesi kuliko kama yasingalinyunyiziwa.

Wafaransa wa Montreuil, karibu na Paris, walikuwa na njia nyingine. Tangu karne ya 17 walijenga kuta ndefu katika mashamba yao, wakazipaka plasta, na kupanda mipichi imebanwa juu ya kuta hizo, kila tawi limefungwa mahali pake kama vidole vilivyotandazwa. Ukuta hunywa joto la jua mchana, na usiku hulitoa polepole kwa mti. Katika karne ya 19 kuta hizo zilifika urefu wa mamia ya kilomita. Vipande vyake vichache vyaonekana mpaka leo kati ya nyumba.

Baada ya kusikia hayo yote, mwanafunzi aweza kudhani kwamba mtofaa ukiletwa nchi isiyo na theluji utafurahi. Sivyo. Mti uliojifunza kulala wahitaji usingizi. Mitofaa mingi hutaka saa kama 800 au 1000 za baridi iliyo chini ya digrii 7, na saa 1000 ni sawa na siku 41 na zaidi, mchana na usiku. Mti huzihesabu saa hizo kwa namna yake, na usipozipata, matumba hayafunguki vema: mengine huchipua, mengine hubaki yamefumba, majani ya zamani hayaanguki, na maua hutoka machache machache bila wakati. Ndiyo sababu mtofaa hausitawi Tanga wala Mombasa, hata kama utatiwa maji na samadi.

Katika milima mambo ni mengine. Lushoto, katika Usambara, kuna mapea, plamu na pichi, na Njombe kuna mashamba ya matofaa. Kipupwe cha huko ni cha baridi, ingawa si cha theluji. Wakulima hutafuta namna za matofaa zisizotaka baridi nyingi, kama ile iitwayo Anna, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya nchi ya joto. Tena iko kazi moja inayofanywa katika milima ya nchi za joto, kama huko Java na hata Kenya, nayo ni kuung'oa mti majani kwa mkono. Mavuno yakiisha, watu huingia shambani na kuyachuma majani yote, tawi kwa tawi, mpaka mti umebaki mtupu kama ule wa Minnesota mwezi wa Januari. Mti ukiisha kuvuliwa majani kabla haujalala usingizi mzito, baada ya majuma machache hutoa maua.